Taya la Mtoto na Wakati Wake

Mzazi wa Nakuru amezoea kuyakagua meno ya mwanawe kwa rangi, kwa sababu maji ya visima vingi vya Bonde la Ufa yana floraidi iliyopita miligramu 1.5 kwa lita, kipimo cha Shirika la Afya Duniani, nayo huyatia meno madoa ya kahawia yangali yakiumbika ndani ya taya. Lakini liko jambo la pili lisilostahiki kusahauliwa, nalo ni jinsi mataya yanavyokutana. Na ilhali rangi ya meno ya mbele huamuliwa katika miaka ya mwanzo, taya la chini huendelea kukua hata baada ya kubaleghe, na ukuaji huo ndio mtaji wa tabibu.

Mwaka 1977, huko Scotland, tabibu William Clark aliletewa mwana wa tabibu mwenziwe, aliyeanguka likamng'oka jino la juu la mbele. Jino lilirudishwa mahali pake, lakini kwa kuwa meno ya juu yalichomoza, mdomo wa chini ulikuwa ukinasa nyuma yake na kulisukuma. Ndipo Clark akabuni vipande viwili vya plastiki, kimoja cha juu na kimoja cha chini, vyenye miteremko inayopandana, hata mtoto afumbapo kinywa taya la chini likalazimika kusogea mbele. Kifaa hicho huvaliwa usiku na mchana kwa miezi kadhaa, wala hakihitaji gundi. Fadhila isiyo ndogo kwetu, maana gundi ya waya za meno, ambazo aghalabu hufuata baadaye, huweza kushika kwa unyonge jino lililoathiriwa sana na floraidi.

Je, tiba ianze lini? Majaribio ya Uingereza na Marekani yameonyesha kuwa mtoto mwenye meno yaliyochomoza, akianza mapema kisha akatibiwa tena ujanani, hatimaye hampiti kwa mpangilio wa meno yule aliyetibiwa mara moja tu mwanzoni mwa ujana, ila meno yake ya mbele husalimika zaidi na kuvunjika. Basi yakichomoza sana, kuanza mapema kuna hoja. Yakichomoza kidogo, subira haina hasara. Lakini meno ya mbele ya juu yakiangukia nyuma ya yale ya chini, au taya likienda upande mtoto afumbapo kinywa, haifai kungoja.

Kwa hiyo, ndugu mzazi, mwanao atimizapo miaka 7, mpeleke kwa daktari wa meno akakaguliwe mataya pamoja na rangi. Na ukishauriwa tiba, uliza kwanza itamkinga na madhara gani sasa, kabla hujauliza gharama yake.