Glavu za kipa: Usidanganywe na rangi

MWANAO amechaguliwa kuwa kipa wa timu ya shule na sasa hakupi usingizi: anataka glavu. Tena si glavu zozote, bali zile alizoziona kwenye televisheni. Kabla hujafungua mkoba, mzazi, muulize swali moja tu. Atachezea uwanja gani?

Swali hilo lina uzito kwa sababu siri ya glavu imo kiganjani. Hapo pana raba nyepesi, aghalabu yenye unene wa milimita 3 au 4, na ndiyo inayonasa mpira. Raba laini hunasa vyema, hasa ikiwa na unyevu. (Ndiyo maana utamwona kipa akitemea mate glavu zake, si uchawi.) Lakini raba hiyo huchubuka upesi. Makipa wa kulipwa hawajali. Wao huangukia nyasi, na zikichakaa hupewa nyingine. Mwanao akiangukia changarawe, kama ilivyo katika viwanja vingi vya mitaa ya Nairobi, huenda akakuletea matambara kabla ya muhula kwisha. Mnunulie zenye raba ngumu, zile za mazoezi. Hazinasi sana, ila hustahimili, na kwa kawaida bei yake ni nafuu.

Nenda naye dukani. Azivae, akunje ngumi, adake mpira ikiwezekana. Ncha za vidole zibakiwe na nafasi ndogo tu. Ile tabia yetu ya kununua kubwa ili "akue nazo" haifai hapa, kwani glavu inayopwaya huzunguka mkononi na mpira ukaponyoka.

Ukipendelea mitumba, kunja kiganja cha glavu. Raba ikitoa unga au ikionyesha nyufa, ziache hata ukipunguziwa bei.

Sasa kuhusu utunzaji, ambapo wengi huharibu. Glavu mpya zisuuzwe kwa maji kabla ya kuvaliwa mara ya kwanza, na zilowanishwe kidogo kabla ya kila mchezo. Mchezo ukiisha, zioshwe kwa mikono katika maji ya uvuguvugu na sabuni isiyo kali. Zikamuliwe kwa kubonyezwa, kamwe zisisokotwe kama nguo. Zianikwe kivulini penye hewa. Jua na joto la jiko hukausha raba hadi ikakatika. Viganja visilaliane, maana hushikana na kuchunana vinapotenganishwa. Na mfuko wa plastiki pamoja na viatu vyenye matope usiku kucha? Harufu yake utaisikia kabla hujafungua mlango.

Mfunze pia kujisukuma kwa ngumi anapoinuka, wala si kwa kiganja.

Na ikiwa pesa hazipo mwezi huu, asikose mazoezi. Sheria za kandanda hazimlazimishi kipa kuvaa glavu. Ukizipata baadaye, zile kuukuu asitupe. Azivae mazoezini, mpya zingojee mechi.