Mwili hauhesabu kilomita

Abiria anayepanda basi Endasak, kwenye barabara ya Babati–Singida, akapitia Kondoa na Dodoma hadi Dar es Salaam, husafiri zaidi ya kilomita 700. Kutoka uwanja wa ndege wa Kilimanjaro hadi Amsterdam, umbali wa angani ni kama kilomita 6,900. Ndege ikiruka moja kwa moja, kwa mwendo wa karibu kilomita 900 kwa saa, hufika kwa saa nane au tisa. Basi, hata baada ya lami ya Dodoma–Babati kuzinduliwa mwaka 2018, humkalisha mtu kitini zaidi ya saa kumi.

Kwa miguu yako, basi ndilo lenye safari ndefu.

Damu ya miguuni hupanda kurudi moyoni kwa kusukumwa na misuli ya vigimbi. Ukikaa muda mrefu magoti yamekunjwa, damu hutuama na inaweza kuganda ndani ya mshipa. Bonge likichomoka likafika mapafuni, linaweza kuua. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba hatari hiyo huongezeka karibu mara mbili kwa safari ya saa nne au zaidi, iwe ya ndege, treni, basi au gari dogo. Kwa watu wengi bado ni ndogo, kama mmoja kati ya 6,000. Wa kujihadhari zaidi ni wajawazito, waliotoka kufanyiwa upasuaji, wanene kupita kiasi na waliowahi kuganda damu. Kwa hiyo basi likisimama watu wachimbe dawa, shuka utembee hata kama huna haja.

Ndege ina usumbufu wake ambao basi halina: kubadili saa. Amsterdam iko upande wa kaskazini, hivyo tofauti ni saa moja au mbili tu. Guangzhou, kilomita 8,700 hivi kutoka Dar es Salaam, iko mashariki na imetutangulia kwa saa tano. Kule ikiwa saa 12 asubuhi, mwili wa mgeni kutoka Endasak uko saa 7 usiku. Saa ya mwili, iliyo ndani ya ubongo, hurekebishwa na mwanga, na kwa kawaida husogea kama saa moja tu kwa siku. Kwenda mashariki husumbua zaidi kwa sababu mzunguko wake huzidi saa 24 kidogo. Kuchelewa kulala ni rahisi kuliko kuwahi.

Hewa ya ndani ya ndege nayo ni nyepesi, kama ya mlimani kwenye mita 1,800 hadi 2,400. Aliyewahi kufika kilele cha Mlima Hanang, zaidi ya mita 3,400, amevuta nyepesi kuliko hiyo. Lakini mwenye ugonjwa wa moyo, mapafu au selimundu amwone daktari kabla ya kukata tiketi.

Na mguu mmoja ukivimba na kuuma siku au wiki chache baada ya safari, usiukande. Nenda hospitali siku hiyohiyo, na umwambie daktari ulikaa kitini saa ngapi.