Msimu wa Mwisho wa Kocha, Ulivyoonekana Mezani

Katika mpira wa kikapu, kocha hutia sahihi kabla ya mchezo. Inapobaki angalau dakika kumi mpira urushwe, huja mezani, hukagua majina na nambari za vijana wake, huweka alama kwa watano watakaoanza, kisha hutia sahihi. Mimi ndiye ninayemsubiri na karatasi. Siku za kazi nauza vitabu vya shule na kutoa fotokopi katika duka langu karibu na stendi ya Kitengela. Wikendi nakaa kwenye meza ya kuandika pointi, mtunza saa kulia kwangu, mtu wa sekunde 24 kushoto, benchi la wenyeji upande huu na la wageni upande ule. Mashabiki wanaona mchezo vizuri kuliko mimi, lakini hawasikii ninayoyasikia.

Msimu uliopita niliiandikia timu ya wanaume ya chuo kimoja cha hapa kwetu, timu iliyojua tangu mazoezi ya kwanza kwamba kocha wake anaondoka. Jina la chuo naliacha, maana wale vijana hawakuomba kuandikwa gazetini na kocha mwenyewe hapendi kelele. Alikuwa nao tangu uwanja ule ulipokuwa na ringi moja tu. Sasa alikuwa amepata kazi ya kudumu Mombasa, kazi yenye mshahara wa kila mwezi na bima ya familia. Chuoni alikuwa akilipwa posho ya muhula, nayo ikija kwa kujivuta. Mwenye watoto shuleni haulizi kwa nini aliikubali.

Aliwaambia wachezaji wakiwa wamekaa kwenye saruji wanafunga kamba za viatu. Makocha wengi ninaowajua wangenyamaza hadi mechi ya mwisho, kwa hoja kwamba kijana akishajua mkubwa wake anaondoka, atalegea. Hoja hiyo ni ya siku nyingi. Hata Marekani, ambako kikapu cha vyuo ni biashara ya viwanja vilivyofurika na televisheni, hawajaimaliza. Mwaka 1975 John Wooden wa UCLA alinyamaza hadi timu yake ilipoifunga Louisville katika nusu fainali, ndipo akawaambia vijana chumbani kwamba mchezo unaofuata ni wake wa mwisho. Wakaenda wakaifunga Kentucky 92–85, naye akastaafu na ubingwa wa kumi. Mike Krzyzewski wa Duke alifanya kinyume. Alitangaza Juni 2021 kwamba msimu unaokuja ndio wa mwisho, na mwaka mzima ukawa wa kuagana. Machi 2022, katika mchezo wake wa mwisho nyumbani, wanafunzi wake wa zamani wakiwa wamejaa ukumbini kumtazama, North Carolina waliwafunga 94–81. Mwezi uliofuata wakakutana na hao hao katika nusu fainali ya taifa huko New Orleans, wakafungwa tena, 81–77.

Ukisoma matokeo hayo harakaharaka utasema Wooden ndiye aliyepatia. Mimi sikubali. Alikuwa amebakiza mchezo mmoja. Hapakuwa na muda wa mtu kulegea, na hapakuwa na muda wa mtu kujifunza chochote pia. Duke walikuwa na jambo ambalo ubao wa matokeo hauonyeshi: mrithi, Jon Scheyer, alitajwa siku zile zile za tangazo, na msimu mzima akakaa benchi moja na mzee akiangalia jinsi kazi inavyofanywa. Kwangu mimi hapo ndipo palipo na swali. Kocha akitangaza mapema, ule muda anautumia kufanya nini?

Huku kwetu swali hilo ni zito zaidi. Kocha wa chuo kidogo ndiye anayejua nani ana ufunguo wa stoo ya mipira, refa gani atakubali kuja Isinya kwa nauli tu, na dereva gani wa matatu atawasubiri vijana mchezo ukienda muda wa ziada. Yote hayo yako kwenye simu yake. Akipanda basi la Mombasa, simu nayo inapanda.

Wachezaji wenyewe ni kazi ya mikono yake. Rongai, upande wa pili wa kaunti yetu, kuna Laiser Hill Academy, shule inayofahamika nchini kote kwa kikapu. Kijana akiwika katika shule kama hiyo, hutupia macho Nairobi, kwenye vyuo vikuu kama USIU na Strathmore, ambavyo timu zao zimecheza ligi kuu dhidi ya wanajeshi wa Ulinzi Warriors na watu wa bandari wa KPA. Chuo kidogo cha Kitengela hubaki na mvulana mrefu aliyeshika mpira kwa mara ya kwanza akiwa mwaka wa kwanza, tena kwa sababu rafiki yake alimvuta. Kocha humchukua alivyo, akamfundisha kusimama, kuzuia na kutupa. Muhula ukifika wa kwenda kwenye mafunzo ya kazini, anampoteza.

Na tunacheza nje. Watu wazima wa hapa bado wanaikumbuka Kitengela ikiwa Noonkopir, kituo cha soko kando ya barabara ya Namanga. Viwanda vya EPZ vilipofunguliwa Athi River miaka ya 1990, wafanyakazi wakaja kutafuta vyumba vya bei nafuu, na sensa ya 2019 ikakuta watu zaidi ya 150,000 Kitengela. Vyuo vikawafuata watu. Kumbi za michezo hazikufuata. Alasiri upepo wa mbuga za Kaputiei unapita moja kwa moja juu ya saruji, na mpira wa pointi tatu, unaotupwa kutoka mita 6.75, unaweza kupinda ukagonga ukingo wa ubao huku mtupaji ameshanyanyua mkono kushangilia. Wageni hulalamika. Wenyeji hutupa wakilenga kushoto kidogo kwa ringi.

Sasa turudi kwa kocha na muda wake. Sheria za FIBA humpa kila kocha taimauti mbili nusu ya kwanza na tatu nusu ya pili, kila moja dakika moja, na katika dakika mbili za mwisho haruhusiwi kutumia zaidi ya mbili. Mchezaji wa kawaida hana haki ya kuiomba. Anayeomba ni kocha mkuu au msaidizi wake wa kwanza, nasi mezani ndio tunaomwarifu refa mpira unapokufa. Jumla ni dakika tano ambazo kocha anaruhusiwa kuwakusanya wachezaji na kusema nao huku saa imesimama. Ukitaka kujua timu ni ya nani, sikiliza nani anaongea katika dakika hizo.

Mwanzoni mwa msimu aliongea yeye, kama kawaida yake: kwa sauti ya chini, amechuchumaa, kibao cha kuchorea kiko gotini. Baada ya mechi chache nikaona anaomba taimauti, halafu anampa msaidizi wake kibao na kurudi nyuma hatua mbili. Msaidizi ni mwanafunzi wa mwaka wa mwisho aliyeumia goti akaacha kucheza. Mara ya kwanza alichora mishale mingi hadi wachezaji wakabaki kuangaliana, dakika ikaisha. Kocha hakuingilia. Walifungwa mechi ile, na nadhani wangeweza kuishinda. Wazazi waliokuwa pembeni walinung'unika kwamba mtu ameshaondoka moyoni na amebakiza mwili. Hawakuwa wamekaa nilipokaa. Mchezo ulipokwisha alimketisha msaidizi kwenye benchi, akamwambia achague mshale mmoja tu, mingine aifute.

Kufikia katikati ya msimu kibao kilianza kufika kwa nahodha, mtoto wa Isinya, mfupi kuliko wenzake wote, ambaye ndiye anayepandisha mpira.

Kisha ikaja mechi ya Kajiado mjini. Kocha alikuwa Mombasa akimalizia karatasi za kazi mpya, na yule msaidizi alikuwa ameanza mafunzo ya kazini siku hizo hizo, akanyimwa ruhusa. Vijana walishuka kwenye matatu wakiwa kamili na mipira yao, ila hapakuwa na mtu mzima wa kutia sahihi. Wenyeji walidhani wameshapata ushindi wa bure. Refa akanitazama, nikamkumbusha kinachosemwa na sheria: kocha mkuu na msaidizi wa kwanza wasipokuwepo, nahodha huwa kocha-mchezaji. Nahodha akaja mezani, akauliza kama ni lazima aandike majina yote matatu. Akaandika yote matatu, polepole, kama mtu anayejaza fomu ya mkopo.

Robo ya tatu wenyeji walifunga mara nne mfululizo bila jibu. Mpira ulipotoka nje, kijana alikuja mezani mwenyewe, jasho likidondokea karatasi yangu, akaomba taimauti. Alikuwa na haki hiyo. Wenzake walipomzunguka alinyamaza kwanza, nikahesabu sekunde moyoni nikidhani maneno yamemwishia. Kumbe alikuwa anawasubiri wapumue. Kisha akasema jambo moja: waache kumkaba mtu kwa mtu, wakae zoni, kwa sababu wenyeji wanatupa kutoka mbali wakiukabili upepo na hawataingiza. Hawakuingiza. Kijana alimaliza taimauti zake mapema mno, dakika ya mwisho akabaki hana hata moja na timu ikaanza kutapatapa, lakini walishinda kwa pointi tatu. Jioni hiyo kocha alinipigia simu kuuliza jambo moja tu, kama nahodha aliomba taimauti kabla au baada ya bao la nne. Nikamwambia baada. Akacheka, akasema yeye angeomba baada ya la pili.

Timu yetu ya taifa nayo imepita kwenye kubadilishiwa kocha, tena kwa macho ya bara zima. Cliff Owuor aliipeleka Morans Bamako mwaka 2019 kwenye AfroCAN ikarudi na medali ya fedha, baada ya kufungwa na Kongo katika fainali. Mwanzoni mwa 2021 benchi likapewa Liz Mills kutoka Australia. Februari hiyo, Yaoundé, Tylor Ongwae akaifunga Angola sekunde ya mwisho, 74–73, na Kenya ikarudi AfroBasket kwa mara ya kwanza tangu ilipokuwa mwenyeji Nairobi mwaka 1993. Huko Kigali Mills akawa mwanamke wa kwanza kuwa kocha mkuu wa timu ya wanaume kwenye mashindano hayo. Baadaye akaondoka, na Owuor akarudi. Watu wetu walibishana sana nani anastahili sifa ya ile pointi moja. Binafsi huwaangalia wachezaji: wengi wao waliwasikia makocha wote wawili, wakabeba la huyu na la yule. Tatizo letu vyuoni ni kwamba kocha wa kwanza akiondoka hakuna wa pili anayeletwa, kwa hiyo la kubeba lazima liandaliwe kabla hajafunga sanduku.

Kocha wetu aliliandaa. Tangu msimu uanze, kila Jumatatu alikuwa akipita dukani kuchukua nakala ya karatasi ya mechi. FIBA hutaka nakala za rangi: nyeupe yao, bluu ya mwandalizi, waridi ya mshindi, manjano ya aliyeshindwa. Zetu zote ni nyeupe, na nyingine zina doa la chai. Yeye alizipanga kwenye faili, akawa anapiga mstari kwenye faulo. Karatasi huonyesha kila faulo ilitokea robo ipi, na mchezaji akifikisha tano anatoka. Ukizipanga karatasi hizo pamoja unaona kwamba senta wao, yule mrefu kuliko wote, alikuwa anapata faulo ya tatu kabla ya mapumziko karibu kila mechi, na timu inaporomoka robo ya tatu akiwa benchi. Wakambadilishia mtu wa kumkaba, akaanza kumaliza mechi. Jambo hilo msaidizi aliliona mwenyewe kwenye faili. Kocha alikuwa ameliona zamani, akangoja.

Msimu uliisha katikati ya jedwali. Mchezo wa mwisho nyumbani walifungwa na timu bora, chuo kikaleta keki, spika ikakwama katikati ya hotuba, watu wakapiga picha. Nimeona kuagana kulikonoga zaidi ya kule.

Hadi leo chuo hakijamwandikia mtu yeyote barua ya ukocha. Yule msaidizi amehitimu, anauza simu hapa mjini, na jioni ndiye anayefungua stoo ya mipira. Ufunguo alipewa pamoja na faili na orodha ya nambari za simu iliyoandikwa kwa mkono, marefa upande mmoja, madereva upande mwingine. Posho haijatajwa, na kama haitatajwa sioni atavumilia mihula mingapi. Wiki iliyopita alikuja dukani na ombi ambalo kocha wake hakuwahi kuniletea. Anataka wanafunzi wawili wa mwaka wa kwanza wafundishwe kuandika karatasi ya mchezo, ili hata mechi za mazoezi ziingie kwenye faili. Nimemwambia awalete Jumamosi asubuhi, kabla upepo haujaanza, na kila mmoja aje na kalamu mbili: nyekundu ya robo ya kwanza na ya tatu, bluu ya zile nyingine.