Je, Wajua? Geuza Jiwe, Usome Mto

Je, wajua kuwa maji unayoogea Moshi hayatoki kwenye theluji ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro? Barafu ile huchangia kidogo mno. Takriban asilimia 96 ya maji ya mlima huanzia kwenye ukanda wa msitu. Mvua za msitu wa kusini hupita milimita 2,000 kwa mwaka. Mjini hazifiki hata nusu ya hizo. Mwamba wa volkeno una matundu kama sifongo: hunywa juu, kisha huyatema maji chini kwenye chemchemi kama Nsere na Shiri. Kwa hiyo anayekata mti kule juu analifunga bomba la jirani wa chini, ingawa hawajawahi kuonana.

Je, wajua kuwa Karanga, Weruweru na Kikafu ni mito mitatu yenye mwisho mmoja? Yote huishia Kikuletwa, Kikuletwa huingia bwawa la Nyumba ya Mungu, na kutoka hapo Pangani husafiri hadi Bahari ya Hindi. Njiani huzungusha mitambo ya umeme ya Hale (megawati 21) na New Pangani Falls (megawati 68). Chupa unayoitupa darajani Karanga ina safari ndefu.

Je, wajua kuwa Wachagga walikuwa na elimu ya maji kabla mmisionari Rebmann hajafika mlimani mwaka 1848? Ni mifongo, yaani mifereji ya maji. Ilichimbwa kwa mkono, mteremko ukapimwa kwa macho, na palipokuwa na bonde maji yakavushwa juu ya magogo yaliyochongwa. Kila mfongo ulikuwa na ukoo ulioanzisha, zamu za kumwagilia, na siku ya wote kuuzibua. Asiyetokea alitozwa faini, mara nyingi mbege au mbuzi. Wazee wa migombani bado watakueleza kuwa maji ya kunywa huchotwa alfajiri, kabla mifugo haijanyweshwa. Ile ilikuwa kanuni ya afya, na ilishikwa kwa sababu aliyechafua alijulikana kwa jina. Mimi naona hapo ndipo tulipopoteza kitu: bomba lilipofika ndani ya nyumba, tuliacha kumjua aliye juu yetu.

Je, wajua mrututu, dawa ya shaba? Mkulima wa kahawa anaujua vizuri. Kwa miongo mingi dawa za shaba zimepuliziwa mibuni ili kuzuia kutu ya majani na chulebuni. Shaba haiozi. Hung'ang'ania udongo, na udongo ukisombwa na mvua huingia nayo mtoni, ambako huua samaki na wadudu wadogo hata ikiwa kidogo. Kinga ni kuzuia udongo usiondoke: matuta, majani ya kufunika shamba, nyasi kando ya mto. Vivyo hivyo na maji ya kuoshea kahawa; yamejaa sukari ya maganda, na yakioza mtoni humaliza hewa ya oksijeni. Yaache kwanza shimoni.

Je, wajua kuwa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto? Pima kwa hatua siku moja. Utashangaa mahindi yalipo.

Je, wajua kuwa maji meupe si lazima yawe safi? Vijidudu vya kuhara havionekani kwa macho. Na kwenye mifereji ya mpunga ya Moshi chini, maji yaliyotulia hulea konokono wanaobeba kichocho. Kichocho hakisubiri unywe. Hupenya ngozi ya miguu ya mtoto anayecheza majini. Choo bora huukata mzunguko huo, kwa sababu mayai yake hutoka kwa mtu.

Je, wajua kuwa unaweza kupima afya ya mto bila maabara? Tanzania ina kipimo chake, TARISS, kinachotoa alama kwa kuangalia wadudu wa majini. Darasa lolote linaweza kuanza na wazo hilohilo. Ingieni palipo na maji machache yanayokwenda kasi, geuzeni jiwe kwa upole, tazameni chini yake. Mkikuta vidudu bapa vyenye mikia miwili au mitatu na mashavu ya kupumulia pembeni, furahini: hao hawavumilii uchafu. Watoto wa kereng'ende na kaa wa mtoni wanavumilia kiasi. Mkikuta ruba na konokono peke yao, muwe na mashaka. Kisha rudisheni jiwe lilivyokuwa, na mnawe mikono kwa sabuni mbali na mto. Fanyeni hivyo juu ya mji, halafu chini ya mji, siku hiyohiyo, muandike ubaoni safu mbili.

Na je, wajua kwa nini funza wa majitaka huwa wekundu? Wana himoglobini, kama damu yetu, ya kushikilia oksijeni chache iliyobaki. Mkiwakuta hao tu chini ya jiwe, wengine wote wameshaondoka.