Ndoana Iliyonasa Isikuingize Majini

Mkazi wa Itumba akisema anakwenda Songwe kuvua, itabidi aulizwe Songwe ipi. Mito ni miwili. Mmoja hupita mpakani mwetu na Malawi hadi Ziwa Nyasa. Mwingine huelekea kaskazini kumwaga maji yake Ziwa Rukwa. Lakini popote mvuvi wa mshipi atakapokaa penye maji mafupi, adui yake ni yule yule: visiki, mizizi na matete.

Rukwa ndiko shida ilikokithiri. Ziwa hilo lina kina kifupi, na maji yake hupanda na kushuka. Yakipanda hufunika miti na majani yaliyokuwa nchi kavu. Ndoana ikitupwa hapo, hurudi na kisiki au hairudi kabisa.

Wengi hukunja suruali na kuingia majini kuifuata. Hapo ndipo hasara ya ndoana moja inapoweza kugeuka msiba. Rukwa ina mamba na viboko. Tena maji mafupi yaliyotulia kwenye majani ndiyo makazi ya konokono wanaobeba vijidudu vya kichocho, ambavyo hupenya ngozi bila mtu kuhisi. Kinga ni bora kuliko tiba, na hapa kinga ni kuitengeneza ndoana kabla ya kuitupa.

Ndoana hunasa kwa sababu mbili: ncha yake iko wazi, na chubwi huiburuta chini.

Tuanze na ncha. Chukua uzi mmoja wa chuma kutoka waya chakavu wa breki ya baiskeli. Ufunge imara karibu na tundu la ndoana, kisha upinde upande wa pili uje mbele ya ncha na kuipita kidogo. Ndoana ikikutana na kisiki, waya huteleza juu yake. Samaki akiuma, waya hubonyea na ncha hufanya kazi yake. Ujaribu kwanza kwa kidole: ukiwa mgumu kubonyea, samaki atakuponyoka.

Wanaotumia samaki bandia wenye ndoana ya meno matatu waiondoe na kuweka ya jino moja, ncha ikitazama juu. Kama haitoki, kata kwa koleo jino linalotazama chini. Usiitie ndoana motoni ili kuipinda. Moto huondoa ugumu wa chuma, na samaki mkubwa ataikunjua.

Sasa chubwi. Usiifunge kwenye mshipi wenyewe. Ifunge kwa kipande cha uzi dhaifu kuliko mshipi, kinachoning'inia pembeni. Chubwi ikinasa, uzi huo hukatika, nawe hurudishiwa ndoana. Ukiongeza chelezo, hata kipande cha ndala, ndoana itaelea juu ya majani badala ya kulala ndani yake.

Hakuna ndoana isiyonasa kabisa. Ikinasa, legeza mshipi kwanza, kisha tembea ukingoni na uvute kutoka upande mwingine. Ikikataa, zungushia mshipi kwenye kijiti, usiuzungushe mkononi kwa sababu nailoni hukata nyama, halafu vuta hadi ukatike. Geuza uso pembeni, maana ndoana huweza kuchomoka ghafla na kukurukia.

Mabaki ya mshipi yaliyo ukingoni yaokotwe. Nailoni haiozi upesi kama uzi wa pamba. Hubaki miaka mingi ikinasa ndege na samaki wasioliwa na mtu.

Wazazi wanaowaruhusu vijana wao kwenda kuvua siku za mapumziko wawafundishe haya kabla hawajaondoka nyumbani. Ndoana hununuliwa dukani. Mguu wa mtoto hauuzwi popote.