Sura ya Sita: Kangomba ya Januari

Mtu wa Lindi hahitaji kufundishwa kangomba. Korosho ziko karibu kuiva, mnada haujaitishwa, mfuko umekauka na mtoto anadaiwa sare ya shule. Anatokea mnunuzi na bakuli lake, noti ziko mkononi. Anapima, analipa papo hapo, anaondoka. Bei inauma, na muuzaji anajua fika kwamba jirani yake aliyepeleka mzigo chama cha msingi atapata zaidi. Lakini jirani ana uwezo wa kungoja. Mwaka 2018 Serikali iliamua kununua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, jeshi likasomba mizigo, na wakulima wakahakikiwa ili fedha zisiingie mikononi mwa wenye kangomba. Kangomba haikufa. Haiwezi kufa maadamu yupo mwenye shida ya leo na mwingine mwenye fedha za kungojea kesho.

Nimeanza na korosho kwa sababu dirisha dogo la usajili ni biashara hiyo hiyo, ila bakuli limebadilishwa na karatasi ya mkataba.

Ingia kibanda umiza chochote cha Kilwa Masoko jioni ya Januari, kabla mechi haijaanza. Kijana amevaa jezi nyekundu, mzee pembeni yake ana kofia na barakashia ya dharura mfukoni, maana akitoka hapo anakwenda kuswali.

“Mjomba, sisi tunataka mfungaji sasa hivi. Hawa madogo tutawalea mpaka lini, na Yanga keshatuacha?”

“Hiyo sasa hivi yako inaisha Juni, mwanangu. Huyo dogo akifika miaka ishirini na tano utamtaka tena, na utalipia mara kumi.”

Wote wawili wana hoja, ndiyo maana ubishi huu haufi. Kijana anahesabu pointi, mzee anahesabu miaka. Anayetaka kuupima usajili wa katikati ya msimu lazima kwanza aulize mtu anahesabu kipi.

Kwa misimu mingi dirisha dogo la Tanzania limefunguliwa katikati ya Desemba na kufungwa katikati ya Januari, yaani kaskazi ikiwa imeshika. Sijui kama kuna mtu TFF aliyewahi kulifikiria hilo, lakini watu wa Kilwa waliishi kwa dirisha karne nyingi kabla ya mpira kuletwa. Kaskazi iliwaleta wenye majahazi kutoka Uarabuni na Bara Hindi, kusi ikawarudisha. Kilwa ilikaa karibu na mwisho wa safari ambayo chombo kingeweza kwenda na kurudi ndani ya msimu mmoja, hivyo dhahabu ya Sofala ilikusanywa hapa ikimsubiri mnunuzi. Nahodha aliyechelewa hakuwa na muda wa kubembelezana bei. Kitu kile kile, pembe ile ile, kilikuwa na bei moja upepo ukiwa mchanga na bei nyingine upepo ukikaribia kugeuka.

Ligi Kuu ina timu 16 na kila timu inacheza mechi 30. Dirisha dogo linafika msimu ukiwa katikati au karibu yake, na hapo siri zimekwisha. Mwezi wa Agosti kila kocha anakwambia kikosi chake kimekamilika. Januari, msimamo wa ligi umemwumbua. Kama beki wa kushoto hafai, nchi nzima imemwona. Muuzaji naye ameona, na bei anaipanga kwa kuangalia kidonda cha mnunuzi, si kwa kuangalia mchezaji peke yake. Ndiyo maana mkongwe aliye tayari kucheza Jumamosi hii hupanda thamani Januari, na kinda anayehitaji miaka miwili hushuka, ingawa hakuna hata mmoja kati yao aliyebadilika tangu Agosti.

Kuna jambo jingine ambalo vijiweni halisemwi vya kutosha. Mchezaji akibakiwa na miezi sita kwenye mkataba, kanuni za FIFA zinamruhusu kukubaliana na klabu nyingine na kuhamia huko mkataba ukiisha. Kama mkataba unakwisha Juni, basi Januari ndiyo nafasi ya mwisho kwa klabu yake kupata chochote. Shabiki anasema viongozi wana tamaa. Mara nyingi si tamaa, ni kalenda. Tamaa au uzembe, ukitaka kuutafuta, ulikuwa miezi kumi na miwili nyuma, pale mkataba ulipoachwa usiongezwe.

Tuje kwenye mfano ambao kila kibanda umiza cha pwani hii kinaukumbuka. Desemba 2022 Simba ilimchukua Saidi Ntibazonkiza kutoka Geita Gold. Mrundi huyu, aliyezaliwa Mei 1987, alikuwa na miaka 35. Alikuwa ameshacheza Uholanzi, Poland na Ufaransa, akaja Yanga, Yanga ikaachana naye. Mashabiki wa Jangwani walicheka: watani wameokota kilichotupwa. Wa Msimbazi wenyewe hawakuwa na furaha kubwa. Kufikia Juni hakuna aliyekuwa anacheka. Saido alimaliza msimu na mabao 17, sawa na Fiston Mayele wa Yanga, na matano kati ya hayo aliyafunga katika mechi moja dhidi ya Polisi Tanzania.

Je, ulikuwa usajili mzuri? Kwa macho ya kijana mwenye jezi, hauna mjadala. Lakini ubingwa ulikwenda Yanga mwaka ule, na mwaka uliofuata pia. Kufikia katikati ya 2024 Saido alikuwa ameondoka, na mchezaji wa miaka 37 hana mnunuzi wa kukurudishia fedha zako. Simba ilinunua miezi kumi na minane ya mguu wenye akili. Mimi nasema walinunua vizuri, kwa sababu walijua wananunua nini. Mkongwe ni kama samaki wa leo: unamlipia ili umle leo.

Tatizo la dirisha lile lilikuwa kwingine. Pamoja na Saido walikuja Jean Baleke, kwa mkopo kutoka TP Mazembe, na kiungo Ismael Sawadogo, raia wa Burkina Faso. Baleke alifunga. Sawadogo hata sasa ukimtaja kibandani watu wanatazamana kwanza. Kisha Januari 2024 Simba ikampa Baleke mkono wa kwaheri, pamoja na Moses Phiri, katikati ya msimu, Baleke akiwa anaongoza kwa mabao kikosini. Simba ikamaliza ya tatu, nyuma ya Yanga na Azam. Anayesema sababu ni kuondoka kwa Baleke tu anarahisisha mno. Lakini kumwondoa mfungaji wako Januari na kuanza kumzoesha mwingine ni kuvunja nyumba masika.

Dirisha hilo hilo la 2024 lina upande ambao shabiki wa timu kubwa huwa hautazami. Simba ilichukua vijana wa nyumbani: Ladaki Chasambi kutoka Mtibwa Sugar, Edwin Balua kutoka Tanzania Prisons, Saleh Karabaka kutoka JKU ya Zanzibar. Mtibwa wakati huo ilikuwa inahangaika mkiani, na msimu ulipokwisha ilishuka daraja. Ilirudi baadaye, lakini wakati kijana wake anapigiwa makofi Kwa Mkapa, yenyewe ilikuwa inajiandaa kwa Championship. Hiyo ndiyo kangomba kamili: aliye na njaa ndiye anayeuza mbegu.

Wamarekani wanaubishia ubishi huu kila mwaka kwenye besiboli, na wao wana mfano mmoja unaotajwa kama sisi tunavyotaja visa vya Simba na Yanga. Kule mambo ni makali zaidi, kwa kuwa klabu zinabadilishana mikataba ya wachezaji, huyu kwa yule, na kwa kawaida mchezaji haulizwi. Anaambiwa afungashe. Katika mpira wetu mchezaji asipotia saini hakuna biashara, hata marais wa klabu wakumbatiane.

Agosti 1987 Detroit Tigers walikuwa wanafukuzana na Toronto. Walihitaji mrushaji, yule anayesimama katikati ya uwanja na kumrushia mpira mwenye gongo. Katika mchezo ule yeye ni kipa na kiungo mchezeshaji kwa pamoja. Wakamchukua Doyle Alexander kutoka Atlanta, mwenye miaka 36. Walichotoa ni kijana wa miaka 20 aliyekuwa bado timu za chini, John Smoltz, mzaliwa wa jimbo lao wenyewe la Michigan. Alexander alirusha kama mtu aliyeagizwa: alishinda mechi tisa bila kupoteza, na Detroit ikaongoza kundi lake siku ya mwisho kwa kuifunga Toronto. Kisha ikaja nusu fainali dhidi ya Minnesota. Alexander alianza mechi mbili, akapoteza zote mbili, na Detroit ikatolewa. Miaka miwili baadaye alistaafu, na Detroit mwaka huo ikapoteza mechi 103. Smoltz aliirushia Atlanta hadi 2008, akatwaa nayo ubingwa wa 1995, na mwaka 2015 akaingizwa kwenye jumba la magwiji wa mchezo huo. Detroit haikurudi kwenye hatua ya mtoano hadi 2006.

Wengi huusoma mkasa huu kama onyo. Mimi nausoma tofauti kidogo. Bila Alexander, Detroit isingefika pale. Walitaka kuongoza na wakaongoza. Kosa lao, kama lipo, ni kwamba hawakuwa na kinda wa pili wala wa tatu nyuma ya Smoltz. Mwenye mikorosho mia akiuza gunia moja kwa kangomba hajaumia sana. Mwenye mikorosho mitatu ndiye wa kuhurumiwa.

Hapo ndipo tunapoifikia timu yetu. Namungo ya Ruangwa, Wauaji wa Kusini, ilipanda Ligi Kuu mwaka 2019. Msimu wa kwanza tu ilishika nafasi ya nne na kufika fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam, ikafungwa na Simba 2-1 kule Sumbawanga, Agosti 2020. Kwa kuwa Simba alikuwa pia bingwa wa ligi, Namungo ikaenda Kombe la Shirikisho Afrika. Ikaitoa 1º de Agosto ya Angola kwa jumla ya mabao 7-5, mechi zote mbili zikichezwa Dar es Salaam baada ya sokomoko la vipimo vya korona kule Luanda. Kwenye makundi ikakutana na Raja Casablanca, Pyramids na Nkana, ikamaliza bila pointi.

Mashabiki wa Kusini walisema tungeleta wakongwe wenye uzoefu wa Afrika. Sikubaliani nao. Pengo kati ya Ruangwa na Casablanca halizibwi kwa mkongwe mmoja wa miezi sita. Timu kama Namungo ina sababu moja tu ya haki ya kutoa kinda kwa ajili ya mkongwe Januari, nayo ni kuukimbia mstari wa kushuka daraja. Hapo sina ugomvi: ukishuka, wadhamini wanaondoka na huyo kinda naye ataondoka bure. Lakini ukiwa nafasi ya saba, huwezi kuwa bingwa na huwezi kushuka, unanunua mkongwe wa nini? Cheza na vijana wako, wacha wafungwe, wazoee Uwanja wa Majaliwa ukiwa umejaa na pia ukiwa mtupu.

Na kama kuuza ni lazima, basi yasiuzwe yote. Klabu inaweza kudai kwenye mkataba asilimia ya mauzo yajayo. Inaweza kumtoa kwa mkopo. Juu ya hayo lipo fungu ambalo hata muuzaji mzembe hawezi kunyang'anywa, ila anaweza kulipoteza kwa kukosa karatasi. Mchezaji anaponunuliwa kutoka nchi moja kwenda nyingine kabla mkataba wake kwisha, FIFA inaagiza asilimia 5 ya ada igawiwe klabu zilizomlea kati ya miaka 12 na 23: robo asilimia kwa kila msimu wa umri wa miaka 12 hadi 15, nusu asilimia kwa kila msimu kuanzia 16. Mbwana Samatta alipotoka TP Mazembe kwenda Genk Januari 2016, na Genk kwenda Aston Villa Januari 2020, mara zote mbili katika dirisha la katikati ya msimu, klabu alizochezea ujana wake Dar es Salaam zilikuwa na haki ya kudai fungu lao. Kijana aliyelelewa Lindi misimu minne tangu miaka 16, akiuzwa siku moja nje ya nchi kwa shilingi bilioni 1, timu yake ya zamani inastahili milioni 20. Hizo ni jezi, nyavu na nauli ya msimu mzima.

Lakini haki hiyo inakwenda kwa klabu iliyomsajili kijana rasmi, siyo iliyomchezesha kwa kumwita tu kutoka ufukweni. Kwa hiyo nyinyi mnaoongoza timu za Kilwa Masoko, Kivinje, Somanga na Lindi mjini: kila mtoto wa miaka 12 anayevaa jezi yenu, mwandikisheni chama cha mpira cha wilaya, na nakala ya usajili wake iwekeni mahali ambapo mchwa hawafiki.