Kabla ya Tegla: kwa nini wanawake wa Kenya walichelewa kufika New York

Novemba 1987 Ibrahim Hussein alishinda mbio za New York Marathon, Mwafrika wa kwanza kufanya hivyo, na Aprili iliyofuata akatwaa Boston. Ilipita miaka saba kabla ya mwanamke wa Kiafrika kushinda New York. Mwanamke huyo alikuwa Tegla Loroupe, binti wa Kipokot mwenye umri wa miaka 21, mdogo wa mwili, na alikuwa hajawahi kukimbia marathoni hata moja kabla ya siku ile.

Miaka saba ile inahitaji maelezo, kwa sababu sisi tunaoishi ng'ambo hatuachi kuulizwa siri ya Wakenya ni nini, na tumezoea kujibu harakaharaka: hewa ya milimani, ugali, na kukimbia kwenda shule. Kwa upande wa wanawake majibu hayo hayatoshi kabisa. Hewa ya Iten ilikuwa ileile mwaka 1968, Kipchoge Keino na Naftali Temu walipoleta dhahabu kutoka Mexico. Katika michezo hiyohiyo Kenya iliwapeleka wanawake wake wa kwanza Olimpiki, Lydia Stephens, Tecla Chemabwai na Elizabeth Chesire. Hata kama mmoja wao angekuwa na mapafu ya kukimbia kilomita arobaini, asingekuwa na pa kuyaonyesha. Mbio ndefu kuliko zote walizoruhusiwa wanawake pale Mexico zilikuwa za mita 800.

Mita 1,500 ziliongezwa mwaka 1972. Mita 3,000 na marathoni vilingoja Los Angeles 1984, mita 10,000 zikangoja Seoul 1988, na mita 5,000 zikaja Atlanta 1996. Katika fainali ya kwanza kabisa ya mita 5,000 za wanawake, pale Atlanta, Pauline Konga alitwaa fedha, nayo ikawa medali ya kwanza ya Olimpiki kwa mwanamke wa Kenya. Wanaume walikuwa wamekwishaanza kushinda medali miaka 32 kabla yake. Ndiyo maana sikubali hadithi ya kipaji kilichochelewa kukomaa. Kipaji kilikuwepo, kilichokosekana ni ruhusa.

Na ruhusa haikukosekana Olimpiki tu. Tegla alizaliwa Mei 1973, Pokot Magharibi, katika boma la wake wengi na watoto zaidi ya ishirini. Ni kweli alikimbia kama kilomita kumi kwenda shule. Lakini maelfu ya wasichana wa Bonde la Ufa walikimbia njia kama hizo, na wengi wao waliishia kwenye ndoa za mapema na kazi za nyumbani. Baba yake hakutaka kusikia habari za riadha, kwani hazikuwa jambo la msichana. Mama yake ndiye aliyemuunga mkono. Viongozi wa riadha nao walimwona mdogo na mwembamba mno, mpaka mwaka 1988 aliposhinda mbio za nyika bila viatu na kuwalazimisha kumtazama upya.

Sehemu inayofuata wengi huiruka, nami naiona ndiyo kiini cha habari yote. Tegla alikuja Ujerumani, katika mji wa Detmold, akafanya mazoezi chini ya kocha Volker Wagner. Joyce Chepchumba naye alinolewa na kocha huyohuyo. Mbio za barabarani za Ulaya na Marekani zilikuwa zikilipa zawadi ya fedha taslimu, na waliolipwa ni wale waliofika mapema kwenye utepe. Msichana ambaye nyumbani hakuhesabiwa kuwa mrithi wa ng'ombe wala shamba aliweza kurudi na pesa alizozitolea jasho mwenyewe. Jambo hilo lilibadilisha mazungumzo ya wazee katika vijiji vingi kuliko hotuba yoyote ya serikali.

Novemba 1994 alimaliza New York kwa saa 2, dakika 27 na sekunde 37. Mwaka uliofuata alirudi kulitetea taji akiwa na msiba: dada yake alikuwa amefariki siku chache tu kabla ya mbio. Alikimbia, akashinda tena. Kuanzia 1997 hadi 1999 alitwaa ubingwa wa dunia wa nusu marathoni mara tatu mfululizo, Košice, Uster na Palermo. Agosti 1998, katika uwanja wa Borgholzhausen, si mbali na Detmold, alikimbia mita 18,340 kwa saa moja, rekodi ya dunia.

Rekodi iliyozua ubishi ni ile ya Rotterdam. Tarehe 19 Aprili 1998 alimaliza kwa 2:20:47 na kuivunja rekodi ya Ingrid Kristiansen wa Norway, 2:21:06, iliyokuwa imesimama tangu 1985. Kristiansen hakufurahi. Yeye na wengine walilalamika kwamba Tegla alizungukwa na wanaume waliomshikia kasi na kumkinga upepo. Ni kweli wanaume walikuwepo. Lakini kanuni za wakati ule ziliruhusu, na Paula Radcliffe alipokimbia London 2003 kwa 2:15:25 alikuwa na wanaume pembeni yake vilevile, dunia ikampigia makofi, na alistahili. Baadaye shirikisho la kimataifa likatenganisha rekodi za mbio zilizochanganya wanaume na wanawake na zile za wanawake peke yao, uamuzi wa busara kwa maoni yangu. Kinachoniuma ni kwamba shaka ilianza kwa nguvu siku Mwafrika wa kwanza alipoichukua rekodi ile. Tegla alijibu kwa miguu: Septemba 1999, Berlin, alipunguza sekunde nne zaidi, 2:20:43.

Sydney 2000 ndipo dhahabu ya Olimpiki ilipotarajiwa. Usiku wa kuamkia marathoni chakula kilimdhuru. Alianza mbio akiwa mgonjwa, akamaliza wa 13, na siku sita baadaye akaingia fainali ya mita 10,000 na kumaliza wa tano. Chepchumba, mwenzake wa Detmold, ndiye aliyepata shaba ya marathoni siku ile. Hakuna mwanamke wa Kenya aliyekuwa amepata medali ya Olimpiki katika marathoni kabla yake.

Baada ya hapo mambo yalikwenda kwa kasi. Catherine Ndereba wa Nyeri, askari magereza, alishusha rekodi ya dunia hadi 2:18:47 huko Chicago mwaka 2001, akashinda Boston mara nne na ubingwa wa dunia mara mbili. Mary Keitany alishinda New York mara nne. Jemima Sumgong alileta dhahabu ya kwanza ya Olimpiki katika marathoni ya wanawake mwaka 2016 na Peres Jepchirchir akaleta ya pili. Hellen Obiri, anayeishi na kufanya mazoezi Boulder, Colorado, alishinda New York mwaka 2023, na 2024 akafuata Sheila Chepkirui. Leo watazamaji wanaona ni kawaida, na watoto wetu waliozaliwa huku wanadhani ilikuwa hivi tangu zamani.

Lakini pesa ilipoingia mikononi mwa wanawake ilileta hatari ambayo jamii yetu haijaikabili kwa uzito unaostahili. Septemba 2021 Agnes Tirop aliweka rekodi ya dunia ya kilomita 10 za barabarani, mbio za wanawake peke yao, 30:01, huku Ujerumani, Herzogenaurach. Mwezi uliofuata aliuawa kwa kisu nyumbani kwake Iten, akiwa na umri wa miaka 25. Septemba 2024 Rebecca Cheptegei wa Uganda, aliyekimbia marathoni ya Olimpiki ya Paris wiki chache tu kabla, alifariki hospitalini Eldoret baada ya mwanamume aliyewahi kuwa mpenzi wake kummwagia petroli na kumchoma. Walikuwa na mgogoro wa kiwanja huko Trans Nzoia. Wanariadha wenzake Tirop waliunda Tirop's Angels kupambana na ukatili huu. Wale tunaotuma michango nyumbani tuwakumbuke hawa pia, na tuseme wazi kwamba hati ya shamba lililonunuliwa kwa miguu ya mwanamke iandikwe jina lake.

Tegla mwenyewe alizitumia pesa na jina lake kwa namna yake. Mwaka 2003 alianzisha wakfu wa amani unaobeba jina lake, akaanza kuandaa mbio za amani kule alikozaliwa, ambako wizi wa mifugo umewaua vijana wengi. Wapokot, Waturkana, Wamarakwet na Wakaramojong kutoka upande wa Uganda walikimbia pamoja, wengine wakiwa ni wapiganaji waliokuwa wakiwindana kwa bunduki. Wazee ambao zamani wasingemsikiliza msichana walikaa naye kikaoni.

Kisha akaenda kwenye kambi ya wakimbizi ya Kakuma. Wakimbizi walishindanishwa kambini, waliochaguliwa wakahamishiwa Ngong kwa mazoezi, na watano kati yao, wote wa Sudan Kusini, wakaingia katika Timu ya Wakimbizi ya watu kumi iliyokwenda Rio 2016, Tegla akiwa mkuu wa msafara. Rose Nathike Lokonyen, mkimbiaji wa mita 800, alibeba bendera. Anjelina Nadai Lohalith alikimbia mita 1,500. Kati ya watano hao hakuna aliyevuka raundi ya kwanza, na wapo waliobeza. Mwaka 2021, Tokyo, wasichana wote wawili walikuwa tena kwenye mstari wa kuanzia, na Tegla alikuwa tena kiongozi wa msafara wao.